Mashine Inapomsomea Mwanafunzi

Yuko mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye ukimwuliza swali kwa mdomo anakujibu hata ukashangaa, lakini mpe ukurasa asome: wenzake watamaliza sura nzima, yeye bado yuko aya ya pili. Macho yake ni mazima na herufi anazijua. Wataalamu wanaiita hali hiyo disleksia. Ubongo unapata taabu kuunganisha herufi na sauti zake, jambo ambalo si upungufu wa akili.

Jack Horner wa Marekani alihangaika miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Montana asipate shahada. Baadaye ndipo ilipojulikana kuwa ana disleksia. Huyo huyo akawa bingwa wa mifupa ya dinosaria, na mwaka 1986 chuo kile kile kikamtunuku udaktari wa heshima. Ni wangapi walioondoka vyuoni kimya kimya, wasirudi tena?

Mwaka 1976 Raymond Kurzweil alionyesha mashine iliyotazama ukurasa uliopigwa chapa, ikatambua herufi, kisha ikasoma kwa sauti. Aliwatengenezea wasioona, nayo ilijaa meza nzima. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu ndani ya kompyuta au simu. Mwanafunzi husikiliza, na kila neno linalotamkwa hutiwa rangi kwenye kioo ili jicho na sikio viende pamoja. Anaweza kupunguza kasi au kurudia sentensi mara kumi, na mashine haiguni wala haicheki.

Wapo pia roboti wenye kichwa na mikono. Mmoja, NAO, aliyebuniwa Ufaransa, ana kimo cha sentimita 58 na amejaribiwa sana kwa watoto. Kwa mtu mzima wa chuo, mimi naona hiyo ni mbwembwe. Yeye anahitaji sauti sikioni na kitabu kinachosomeka. Hapo ndipo penye kikwazo, maana ile fotokopi ya fotokopi tunayoijua sote, yenye mistari iliyopinda na wino uliofifia, humfanya msomaji huyo wa mashine aropoke.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo hili laweza kujificha. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo mtoto husoma polepole lakini hakosei sana, na huambiwa ni mzembe. Kisha anakutana na Kiingereza cha sekondari na cha chuo, ambamo "though", "through" na "tough" zina mwisho ule ule wa herufi na sauti tatu tofauti.

Halafu unakuja mtihani. Mashine iliyomsaidia muhula mzima inabaki mlangoni. Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inavitaka vyuo vimfanyie mwanafunzi mwenye ulemavu marekebisho yanayofaa, na wenye disleksia hupewa muda zaidi au kompyuta ya kuwasomea maswali. Wako wanaoita huo upendeleo. Lakini mtihani wa sheria ya ardhi haupimi kasi ya macho. Kama mwalimu anataka kupima usomaji wenyewe, na aseme hivyo mapema. Kama sivyo, aeleze kwa nini kompyuta hiyo isiingie chumbani.