Asali ya Limbuko Kutoka Tabora: Uze Msimu, Usiuze Kopo Tu

Leo naongelea bidhaa ninayoiuza mwenyewe mtandaoni: asali ya Tabora, hasa ile ya mavuno ya kwanza baada ya mvua. Wazee wanaita mavuno ya kwanza limbuko.

Wajapani wana chai ya kijani ya mavuno ya kwanza, wanaiita shincha. Inachumwa kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei, na wateja wanaisubiri mwaka mzima. Mkulima mdogo anaiuza kwa bei nzuri kwa sababu ni ya msimu huo na ya shamba lile. Sisi huku tuna asali ya miombo. Mavuno yake makubwa huwa kati ya Mei na Julai hivi, halafu tunaimwaga sokoni kama "asali safi original". Nani asiyeandika hivyo?

Haya ndiyo ninayozingatia mimi:

1. Mjue mrinaji wako.
Nanunua kwa mzee mmoja wa Sikonge, mwenye mizinga yake msituni. Namuuliza: Mzee wangu, umerina lini? Masega yalikuwa yamefunikwa nta? Umechanganya na majana? Mizinga iko mbali na mashamba ya tumbaku yanayopuliziwa dawa? Majibu yake ndiyo maelezo ya tangazo langu.

2. Ogopa asali changa.
Asali ambayo nyuki hawajaifunika ina maji mengi. Inachacha, inatoa povu, na kopo linavuja ndani ya basi. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20. Kuna kifaa kidogo cha kupimia. Kama huna, changeni watu watatu mnunue kimoja. Kuwasha njiti ya kiberiti au kudondosha asali kwenye maji hakuthibitishi kitu.

3. Pima kwa kilo.
Hapa ndipo mtaji unapopotelea. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ni karibu kilo 28. Tuseme umenunua kilo kwa shilingi 10,000. Lita imekugharimu 14,000. Ukiuza lita kwa 13,000 kwa kuwa jirani anauza hivyo, umepoteza 1,000 kabla ya kopo, nauli na boda. Wanyamwezi waliobeba mizigo njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji walikwenda kwa uzito: mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, na frasila ni kama kilo 16. Nunua mizani.

4. Mwambie mteja mapema kwamba itaganda.
Dada mmoja wa Dar aliniandikia: "Kaka, hii umeweka sukari, nirudishie hela yangu." Nilimjibu: dada yangu, asali halisi nayo huganda, ni sukari yake ya asili inafanya chembechembe. Weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu, siyo yanayochemka, halafu niambie. Kesho yake akaagiza makopo mawili. Sasa maelezo hayo nayabandika kwenye kila kopo, pamoja na onyo: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

5. Usijipe cheti.
"Kilimo hai" siyo neno la kupamba lebo. Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007 na alama yake ni Kilimohai. Inatolewa baada ya ukaguzi. Kama huna, andika ukweli: "Asali ya msitu wa miombo, Sikonge, imerinwa Juni." Inatosha, na hakuna wa kukushtaki.

6. Mfundishe mteja kuifaidi.
Mwambie aonje kijiko kimoja kitupu kwanza, akiache mdomoni, asikie harufu ya maua. Kisha ale na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Akitaka kuweka kwenye chai, aisubiri ipoe kidogo, maana moto unaua harufu. Mteja aliyeonja vizuri anakuletea shoga zake.

7. Usichanganye na ya mwaka jana.
Iliyobaki iuze, haina ubaya, ila kwa lebo yake na bei yake. Ukichanganya mara moja tu, neno "limbuko" halina maana tena, na mzee wa Sikonge naye anakosa sababu ya kukuwekea ndoo ya kwanza.

Limbuko likiisha, sema limeisha. Chukua majina ya wanaotaka la msimu ujao, na oda zikifika kiasi, mpigie mrinaji kabla hajapanda mtini. Atajua soko lipo, nawe utajua ununue ndoo ngapi. Fuata nyuki ule asali. Biashara njema!