Maziwa mepesi: Kabla ya kumshuku mfugaji, angalia hori

Maziwa yakifika kituoni yakiwa na mafuta kidogo, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mfugaji. Ama ametia maji, ama ameengua malai usiku akauza kando. Wapo wanaofanya hivyo, na wanajulikana. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haimo kwenye ndoo wala mkononi mwa mtu, nayo ni chakula alichokula ng'ombe siku chache zilizopita.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ya ng'ombe kinataka mafuta yasipungue asilimia 3.25. Jersey aliyetunzwa vizuri hukaribia asilimia 5, na Friesian huwa chini yake. Friesian huyo akiteremka hadi asilimia 2.8 au chini zaidi, maziwa yake yanaweza kurudishwa, na jina la mfugaji likachafuka pale kituoni.

Tatizo ni kwamba laktometa haiwezi kumtetea. Maziwa yaliyotiwa maji huifanya izame zaidi, kipimo kikashuka. Yaliyoenguliwa malai huifanya ielee juu zaidi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji na yakiondoka kinachobaki ni kizito. Sasa, maziwa ya ng'ombe ambaye kiwele chake kimepunguza kutengeneza mafuta nayo huelekea upande huo huo wa maziwa yaliyoenguliwa. Kwa laktometa peke yake, mwizi na asiye na hatia wanafanana.

Kwa nini kiwele kipunguze mafuta wakati ng'ombe anashiba? Karibu nusu ya mafuta ya maziwa hutengenezwa ndani ya kiwele chenyewe, malighafi kubwa ikiwa asidi ya siki inayotoka tumboni majani yanapochachushwa na bakteria. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa jibu ni hilo tu: majani yamepungua, malighafi imepungua. Maelezo hayo hayakutosha, maana hata ng'ombe alipoongezewa malighafi hiyo, mafuta hayakurudi yote.

Jibu lililo kamili zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika kazi ya Dale Bauman na wenzake. Mwaka 2000 walitoa matokeo ya kuwaingizia ng'ombe, moja kwa moja kwenye tumbo la nne, gramu 10 kwa siku za aina moja ya asidi ya mafuta iitwayo trans-10, cis-12 CLA. Gramu 10 ni kama vijiko viwili vya chai. Kwa siku 4 tu, mafuta ya maziwa yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Asidi nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu isipokuwa umbo haikuleta badiliko hilo.

Vijiko viwili haviwezi kufanya kazi hiyo kama chakula. Vinaifanya kama amri.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa. Asidi za mafuta, mbali na kuwa nishati, ni wajumbe. Ndani ya seli kuna protini zinazokaa kwenye kiini na kuwasha au kuzima jeni zinazoshughulikia mafuta. Baadhi huitwa vipokezi vya kiini, nazo hufanya kazi mfano wa kufuli: asidi ya mafuta, au kitu kilichotokana nayo, ikiingia kama ufunguo, jeni zinawaka. Mwaka 1990 Isabelle Issemann na Stephen Green waliripoti kimojawapo katika panya, kilichokuja kujulikana kama PPAR-alfa, kinachoitikia baadhi ya dawa za kupunguza mafuta kwenye damu. Baadaye ikaonekana kuwa asidi za mafuta zenyewe nazo hukiamsha.

Kwenye kiwele, protini inayotajwa zaidi ni SREBP1. Hii si kipokezi cha namna hiyo, ila kazi yake ni ya jirani: huwasha jeni za kutengeneza mafuta. Trans-10, cis-12 ikifika, SREBP1 hupoa, na mitambo ya mafuta hupunguza kasi. Maji, sukari na protini ya maziwa huendelea karibu kama kawaida. Ndiyo maana mfugaji haoni kitu: ndoo imejaa, ng'ombe anakula, ila malai hayapandi juu.

Asidi hiyo hutengenezwa tumboni mwa ng'ombe mwenyewe. Mafuta ya alizeti na ya mahindi yana asidi nyingi ya linoleiki. Tumbo likiwa na majani ya kutosha, bakteria huibadilisha kwa njia ya kawaida isiyo na madhara. Tumbo likichachuka kwa wingi wa nafaka na uchache wa majani, bakteria wengine hushika usukani na sehemu ya linoleiki ikapitia njia ya trans-10. Kwa hiyo yanahitajika mawili kukutana: tumbo lililochachuka, na mafuta ya mimea ya kugeuzwa.

Kwa mfugaji wa Tanzania mawili hayo hukutana kiangazi. Majani yameadimika, mabua yanauzwa ghali, na mtu anajaza hori pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Mashudu ya mashine ndogo, kama nyingi zilizoko Singida na Dodoma, hubaki na mafuta mengi kuliko ya viwanda vinavyokamua kwa kemikali. Ni chakula kizuri chenye protini, wala hakuna sababu ya kuyaacha. Kosa ni kuyafanya mlo mzima.

Hesabu yake si ndogo. Ng'ombe wa kilo 12 za maziwa kwa siku akishuka kutoka asilimia 4 hadi 2.8, yanapotea mafuta gramu 144 kila siku. Kwa siku 30 ni zaidi ya kilo 4, ambazo zingetoa siagi kama kilo 5. Mama anayetengeneza samli huiona hasara hii kabla ya kituo chochote.

Kabla ya kulaumu chakula, kagua ukamuaji. Maziwa ya mwanzo yana mafuta kidogo na ya mwisho ndiyo mazito. Ukimwachia ndama yale ya mwisho, umempa malai. Mzozo ukizidi, dawa ni mkaguzi kuja bandani, ng'ombe akamuliwe hadi mwisho mbele yake, na sampuli hiyo ipimwe mafuta kwa kipimo cha Gerber. Ikifanana na ya kituoni, mashtaka ya kuengua yanakwisha.

Kurekebisha kunaanza na majani: yatangulie asubuhi kabla ya pumba, yakatwe vipande vya kumfanya acheue, si kusagwa yakawa unga. Pumba na mashudu vigawanywe mara tatu au nne kwa siku. Mafuta katika mlo mzima mkavu yasizidi asilimia 5 au 6. Magadi hupunguza uchachu kiasi, ila hayachukui nafasi ya majani. Mafuta hayarudi kesho yake. Subiri wiki mbili hadi tatu, ukipima kila wiki.

Na aliyezaa karibuni apimwe kwa jicho jingine. Mafuta yakipanda sana wiki za mwanzo huku anakonda, huenda anayeyusha mwili wake. Asidi za mafuta humiminika kwenye ini, ambako PPAR-alfa huwasha jeni za kuzichoma. Zikizidi uwezo wa ini, mafuta hujaa humo, ng'ombe akaacha kula. Huyo aitiwe daktari wa mifugo, hata kama kituo kinamsifu kwa malai.