Kompyuta na PLC Zisiposikilizana (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye waya. Leo tuchukulie kwamba waya ni mzima, lakini kioo cha kompyuta kwenye chumba cha waendeshaji kimejaa alama za kuuliza pale palipokuwa na joto la boila na kina cha maji ya tangi. Fundi anafungua paneli. PLC, ile kompyuta ndogo inayoamuru mota na vali, iko salama. Taa yake ya RUN inawaka kijani kama jana. Mashine zinakwenda. Waliopofuka ni waendeshaji.

Hapo ndipo watu hujiponza. Nimemshuhudia fundi hodari akipakia upya programu nzima ya PLC: uzalishaji ukasimama, alama za kuuliza zikabaki palepale. PLC haikuwa na kosa. Kilichobadilika usiku ule ni mfumo endeshi wa kompyuta.

Mkasa wa namna hii una historia. OPC ilizaliwa mwaka 1996 ili programu za kiwandani zisome data za PLC za kampuni yoyote. Iliegemea DCOM, njia ya Microsoft ambayo kwayo programu ya kompyuta moja huiita ya kompyuta nyingine. Mlango huo ulikuwa na kitasa hafifu. Juni 2021 Microsoft ilileta kinga ikiwa imezimwa. Juni 2022 ikaiwasha, ila msimamizi aliweza kuizima. Tarehe 14 Machi 2023 ruhusa ya kuizima ikafutwa. Aliyeizima mwaka uliotangulia akasahau, asubuhi hiyo alikumbushwa.

Utajuaje kama tatizo ni hili? Piga ping kwenda kompyuta yenye seva ya OPC. Ikijibu, achana na swichi na nyaya. Nenda kwenye kompyuta hiyo, fungua kumbukumbu za matukio za Windows, sehemu ya System, utafute namba 10036. Soma ujumbe wote, usiishie kwenye namba: unamtaja mtumiaji aliyebisha hodi na anwani ya kompyuta aliyotokea. Kwenye kompyuta iliyobisha, tafuta 10037 au 10038.

Wengi hukimbilia kuondoa sasisho. Nawasihi msifanye hivyo. Mnaufungua tena mlango wa kompyuta iliyounganishwa na boila. Tangu Novemba 2022 masasisho ya Windows huifanya kompyuta inayobisha ipandishe yenyewe kiwango cha uthibitisho, kwa hiyo mara nyingi dawa ni kusasisha ile iliyobaki nyuma. Programu inayobisha bila kujitambulisha haitaponywa na hilo: itabidi upate toleo jipya, au uiweke kwenye kompyuta ileile yenye seva, kwa sababu kinga hii hukagua hodi za kutoka nje tu. Hakikisha pia, kama hakuna domeni, kwamba jina la mtumiaji na nywila vinafanana pande zote mbili.

Kompyuta ya Windows XP haina dawa hiyo, maana huduma yake ilikoma Aprili 2014. Nisingeipoteza siku nikiibembeleza. Hamieni OPC UA, isiyotegemea DCOM, ambayo kwa kawaida hutumia poti 4840. Mkumbuke kuiruhusu poti hiyo kwenye kinga ya mtandao.

Wiki ijayo: poti za COM, na jinsi Windows inavyoweza kukiona kifaa kinachotuma data mfululizo ikadhani ni kipanya.