Fungu la Wanawake katika Mikopo ya Halmashauri

Mwanafunzi wa theolojia atakayepangiwa kazi katika sharika za milimani Usambara, tuseme katika kata ya Kwai wilayani Lushoto, hana budi kutazamia jambo moja ambalo halimo katika masomo yake. Siku moja baada ya ibada akina mama kadhaa watamjia na karatasi mkononi, wakimwomba awasomee masharti ya mkopo wa halmashauri, au athibitishe kwamba kikundi chao kinafahamika. Katika makala hii tutajaribu kueleza mkopo huo umetoka wapi, na kwa nini fungu lililoandikwa kuwa la wanawake si lazima liwe mikononi mwao.

Mpango wenyewe si mpya. Tangu mwaka 1993, Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake ulipoanzishwa, halmashauri zilitakiwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa ajili ya wanawake na vijana. Lakini agizo lisilo na nguvu ya sheria hutegemea moyo wa mwenye kuagizwa, na halmashauri nyingi hazikutimiza. Ndipo mwaka 2018 Bunge likairekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo ikopeshwe kwa vikundi bila riba. (Mwaka huohuo Benki ya Wanawake Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 2009, iliunganishwa na Benki ya Posta. Njia moja ilizibwa na nyingine ikafunguliwa.)

Yafaa msomaji aangalie neno "mapato ya ndani". Fedha hizi hazitoki Hazina, bali katika ushuru wa mazao, leseni na ada za masoko ambazo halmashauri yenyewe hukusanya, baada ya kuondoa mapato yaliyotengewa matumizi maalumu. Katika kila shilingi 100,000 za mapato hayo, fungu la wanawake ni shilingi 4,000. Kwa hiyo asilimia iliyo sawa kisheria huzaa kiasi kisicho sawa: jiji lenye maduka na mahoteli hukopesha wengi, na wilaya ya wakulima hukopesha wachache. Tena tukumbuke kwamba katika wilaya kama Lushoto sehemu ya ushuru huo hutokana na kabichi, karoti na viazi vilivyopaliliwa na kubebwa kichwani na wanawake hawahawa. Hawapewi sadaka. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulio chini ya TASAF ni jambo jingine: huo hutoa ruzuku isiyorudishwa, na kwa kawaida mama ndiye huipokea kwa niaba ya kaya. Mkopo wa halmashauri ni deni, na fedha zinazorejeshwa ndizo hukopeshwa wengine.

Kwa nini vikundi? Sababu kubwa ni ardhi. Benki hudai dhamana, na dhamana ya mtu wa kijijini ni shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Hata hivyo, kwa desturi ya Kisambaa ardhi hufuata ukoo wa baba, na mke hupewa mahali pa kulima na mumewe. Hulima maisha yake yote pasipo kuwa na kitu cha kuweka rehani. Kikundi huziba pengo hilo, kwa kuwa wanachama hudhaminiana wao kwa wao. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba wazo hili si geni kwa Walutheri: agizo la kanisa la Wittenberg la mwaka 1522 liliruhusu mafundi maskini wakopeshwe bila riba kutoka sanduku la jumuiya.

Lakini sanduku lolote huhitaji walinzi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilifichua mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji wote. Waliorejesha kwa uaminifu waliadhibiwa pamoja na wezi, na hilo kwa maoni yetu halikuwa haki. Mwaka 2024 mikopo ilirudishwa kwa taratibu mpya, halmashauri kumi zikichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na mojawapo ni jirani zetu wa Bumbuli.

Kikundi hewa ni rahisi kukitambua kwa mkaguzi mwenye bidii. Kigumu zaidi ni kikundi halisi ambacho ni cha wanawake kwa majina tu. Mama husaini, mume hupokea, na siku ya marejesho ikifika anayefuatwa na wenzake ni mama. Katika hesabu za halmashauri mkopo huo huandikwa kuwa umewafikia wanawake, wala hakuna mkaguzi atakayeona kosa. Atakayeona ni mchungaji au mwinjilisti, kwa sababu yeye huingia katika nyumba zao.

Kwa hiyo, akina mama wakimjia kuomba ushuhuda wake, asiharakishe kuweka sahihi, wala asiwafukuze akisema hayo ni ya serikali. Awaulize ni nani atakwenda kuchukua fedha, nani atashika daftari, na mbegu zitapandwa katika shamba la nani. Jibu likiwa ni shamba la mume, basi mume naye aitwe mapema, kabla ya fomu kupelekwa ofisi ya kata, aseme mbele ya kikundi kizima shamba hilo litakuwa chini ya mkewe kwa misimu mingapi, na mapato yake yatawekwa kwa nani.