Sare Mpya, Mkuu Yuko Wapi?

Cheti hakiniambii mhudumu mpya ameiva kiasi gani. Namwangalia mkono anapouvuta utepe. Ni ule utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto aliyetimiza miezi sita na hajafika miaka mitano: mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi 12.5 ni manjano, kisha kijani. Mwenye woga huukaza mpaka ngozi ikajikunja, mtoto wa manjano akasomeka mwekundu. Mwenye kumwonea haya mama wa mtoto huuacha ulegee, na mwekundu akapita kama wa manjano. Ni milimita mbili tatu tu, lakini huyo wa pili atakosa pakiti za Plumpy'Nut, chakula cha tiba, alizostahili, na hakuna semina iliyowahi kumfundisha mtu kukaza kwa kiasi. Hilo hufundishwa na mtu aliyechuchumaa kando yako.

Mimi ni msaidizi wa afya ya jamii katika wadi ya Lopur, Turkana Magharibi, upande huu wa Kakuma. Jina la kazi linasema msaidizi, ila kazi yenyewe ni usimamizi. Kwa mpango wa serikali, kila mhudumu wa kijijini hupewa nyumba kama 100, na wahudumu kumi hufanya kitengo kimoja chenye watu wapatao 5,000. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kaunti yetu ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 tu. Nyumba 100 za Nairobi ni ghorofa mbili. Za kwetu ni mwendo wa asubuhi nzima, tena nusu yake zimehama na mbuzi. Unaiandika familia kwenye rejista ya MOH 513 leo, mvua ikinyesha upande wa Uganda, ukirudi unakuta majivu ya jiko.

Wengi wa wasichana na vijana wangu walipata sare na mkoba baada ya tarehe 25 Septemba 2023, siku Rais Ruto alipowazindua rasmi wahudumu 100,000 wa nchi nzima pale Uhuru Park. Mkobani mna mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani na huo utepe. Kuna na simu ya kuingizia takwimu. Posho ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti, na Oktoba mwaka huohuo kazi yao ikaingia katika Sheria ya Afya ya Msingi. Kwa waliojitolea tangu mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006, wakitembea kwa maji ya kunywa na shukrani, hilo si dogo. Nisionekane silioni.

Ila sare ina mzigo wake. Ukishaivaa, kijiji kizima kinakuita daktari. Msichana wa miaka ishirini na mbili, aliyemaliza kidato cha nne kwa taabu, anaamshwa saa nane usiku kwa sababu mke wa jirani ameanza kutokwa damu. Hana dawa ya hilo wala gari. Ana koti na simu. Nani atapokea upande wa pili?

Tunapenda kuwaambia vijana kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Na mkuu mwenyewe yuko wapi? Usimamizi niliokulia mimi ulikuwa hivi: gari linafika na vumbi lake, mkubwa anatia sahihi kitabu cha wageni, anauliza rejista, anatia vema pale palipojazwa, anakunywa soda, anaondoka kabla jua halijakolea. Kilichokaguliwa ni daftari. Mwenye daftari hakuulizwa hata kama amelala.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu hawa haukufumba maneno: walipwe, wapewe mkataba wa maandishi, wawe na ngazi ya kupanda, na msimamizi awatazame wakiwa kazini, si kusoma ripoti zao tu. Na mdogo naye asikilizwe: Marekani kuna kikosi cha afya ya umma chenye sare na vyeo kama vya wanamaji, kilichotambuliwa kisheria mwaka 1889. Maafisa wachanga wa kikosi hicho wana baraza lao la kumshauri mkuu wa kikosi. Sisi hatuna nyota za mabegani. Lakini hilo la mdogo kuwa na mahali rasmi pa kumwambia mkubwa halihitaji dola, linahitaji mti na mkeka.

Basi mimi huenda na wahudumu wangu nyumba kwa nyumba. Msichana mmoja, wiki zake za kwanza, alimpima presha bibi mmoja nje ya manyatta. Mashine ikasoma 182 kwa 104. Nikamwona anatafuta macho yangu, nami nikaangalia mbuzi. Akakumbuka mwenyewe: akamwomba bibi akae, aegemee, asizungumze, akangoja dakika tano, akarudia. 176 kwa 102. Akaandika fomu ya rufaa, MOH 100. Bibi akacheka: aende zahanati, hawa mbuzi ataachiwa nani? Hapo ndipo mafunzo ya darasani huisha. Msichana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ata (bibi), nani hukuletea maji?" Akaitwa mjukuu, wakapatana siku ya mjukuu kubaki na mbuzi. Tuliporudi sikumsifu sana. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba safari ijayo ampeleke mjukuu mwenyewe akaonyeshwe dawa zinavyomezwa, maana bibi hasomi pakiti. Angekuwa peke yake siku ile, nadhani angeandika "amekataa" na kupita.

Nyumba ya kwanza ninayompeleka mhudumu mpya huwa si nyumba ya mgonjwa. Ni ya mzee. Msichana mdogo akianza kuuliza wanawake wa watu habari za choo na uzazi bila wazee kumfahamu, hata awe na mikoba mitatu, mlango umefungwa. Nampeleka, nawasalimu, nakaa chini, na mzee anaelewa kwamba akimfokea huyu amenifokea mimi.

Kuna kijana mwingine, mtoto aliyemwandikia rufaa alifia njiani, laga, mto wa msimu, ikiwa imejaa na bodaboda imekwama ng'ambo. Watu wakaanza kusema utepe wake una mkosi. Akauweka mkoba chini. Utaratibu ulitaka ripoti kwanza. Mimi nilikwenda naye msibani kwanza, tukakaa na familia, nikaeleza mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyegundua ugonjwa, na maji ndiyo yaliyotuzuia. Ripoti nikaiandika baadaye. Amerudi kazini. Hakurudi haraka, na sikumharakisha.

Posho ni habari nyingine. Ikichelewa, wananiuliza mimi, kana kwamba naikalia. Nilichojifunza ni kutowaambia "wiki ijayo" nikiwa sijui. Kijana huvumilia kuambiwa "haijaingia, na sijaambiwa lini" kuliko kudanganywa mara tatu kwa upole. Halafu nampunguzia safari za mbali kwa mwezi huo, kwa sababu nauli ya bodaboda ilikuwa inatoka kwenye 5,000 hizohizo. Hilo haliko kwenye mwongozo wowote.

Kwa hiyo nimeomba mambo mawili. La kwanza, katika ripoti yangu ya mwezi iongezwe safu ya nyumba nilizotembelea pamoja na mhudumu, kando ya safu ya rejista nilizokagua, maana kisichohesabiwa hakiwekewi bajeti. La pili, mafuta ya pikipiki. Nimeambiwa niandike barua. Nimeiandika, nikaambatanisha na risiti ya petroli ya Kakuma, ili asiyepanda pikipiki huku aone bei.