Hesabu Katika Vita Dhidi ya Malaria

Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aligundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Baadhi ya watu walidhani kupunguza mbu ni kazi bure, kwa kuwa hawawezi kumalizwa wote. Ross akatumia hesabu.

Tuseme mbu wanaomwuma mgonjwa 1 huambukiza watu 2. Wagonjwa 2 watafuatwa na 4, kisha 8, kisha 16. Ugonjwa unaenea.

Sasa mbu wamepungua, hata kila wagonjwa 2 huambukiza mtu 1 tu. Wagonjwa 16 watafuatwa na 8, kisha 4, kisha 2. Ugonjwa utakwisha, ingawa mbu wachache wamebaki.

Kwa hiyo, fukieni madimbwi, na laleni ndani ya chandarua.