Chama Kinachoweka Kima cha Chini tu

Marvin Miller hakuwahi kucheza besiboli ya kulipwa. Alikuwa mchumi wa chama cha wafanyakazi wa chuma nchini Marekani, na mwaka 1966 wachezaji wa ligi kuu wakamchagua akiongoze chama chao. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Mkataba wa hali bora wa 1968 ukakipandisha hadi 10,000.

Mpaka hapo ni kazi ya chama chochote. Lakini kwenye chuma, chama hujadiliana na mwajiri mshahara wa kila daraja, na wenye daraja moja hulipwa sawa. Kwa wachezaji, chama huweka kima cha chini. Cha ziada kila mmoja hukipigania na wakala wake. Kwa hiyo vita vikubwa vya chama hicho vilikuwa juu ya kipengele kilichoiruhusu klabu kumwongezea mchezaji mkataba kila mwaka, atake asitake. Fundi chuma aliyechoshwa na bosi huacha kazi akatafuta kwingine. Mchezaji Curt Flood, alipohamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia mwaka 1969 bila kuulizwa, aligoma kwenda. Alishtaki, chama kikamlipia mawakili, na mwaka 1972 akashindwa Mahakama ya Juu kwa kura 5 kwa 3. Kipengele hicho kilikuja kuvunjwa Desemba 1975 na msuluhishi Peter Seitz.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Charlie Finley, mmiliki wa klabu ya Oakland, alipendekeza wachezaji wote wawe huru kila mwaka. Miller aliingiwa na hofu: mamia wakiingia sokoni kwa mkupuo, bei ingeporomoka. Wamiliki wenzake Finley hawakumsikiliza, na mkataba wa 1976 ukatoa uhuru baada ya miaka 6 ya utumishi. Wachache sokoni, klabu nyingi zikiwagombea. Vyama vya mafundi vimeijua hesabu hiyo tangu zamani.

Ila kiwandani chama kilimwingiza mfagiaji pamoja na mwendesha tanuru. Wachezaji wa ligi ndogo, walioajiriwa na klabu zilezile, waliachwa nje hadi 2022, na naona hilo ni doa kubwa. Mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ulipandisha kima cha chini cha ngazi yao ya juu kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka.